Kabla hujafuta nyimbo za Lucky Dube kwenye simu ya mwanao

Ukipita pembeni ya Soko la Mchikichini, lile la mitumba ambalo wengi hulitaja tu kama Karume, humkosi kijana mwenye meza, kompyuta ndogo na sabufa. Kazi yake ni kurusha nyimbo. Mteja analeta simu au flashi, anasema anataka taarabu ya zamani, kaswida au singeli, analipa kidogo na kuondoka na nyimbo za kumtosha mwezi mzima. Akisema anataka rege, mara nyingi haulizwi rege ya nani. Anawekewa folda iliyokwisha kupangwa, na ndani yake, baada ya Bob Marley, anafuata Lucky Dube.

Hivyo ndivyo familia nyingi za Dar es Salaam zilivyompata mwimbaji huyu wa Afrika Kusini. Hazikumpata albamu kwa albamu, mwaka kwa mwaka. Zilimpata kwa mchanganyiko: kwanza kanda yenye jina lililoandikwa kwa kalamu ubavuni, kisha CD ya kuchoma, sasa folda. Watoto waliozaliwa baada ya kifo chake wanaimba viitikio vyake bila kujua kama ni nyimbo za miaka ya themanini au za juzi.

Mikusanyiko rasmi nayo ipo. Mwaka 1996 ilitoka Serious Reggae Business, iliyookota nyimbo zake za rege za miaka iliyotangulia, na mwaka huohuo akatunukiwa katika World Music Awards kama msanii wa Afrika anayeuza zaidi. Mwaka 2001 ikaja The Rough Guide to Lucky Dube. Mwaka 2008, yeye akiwa ameshazikwa, ikatoka Retrospective. Mtu aliyerekodi albamu 22 kwa Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana hawezi kuingia mzima kwenye diski moja, kwa hiyo kila mkusanyiko una kilichoachwa nje. Lakini ukisikiliza huu au ule, au hiyo folda ya Karume, utakutana na jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Nyimbo zake zinazopendwa zaidi hazihusu bangi. Zinahusu nyumba: baba aliyeondoka, pombe, ndoa iliyoshindikana, mtoto anayesubiri mlangoni.

Hofu ya mzazi haitoki hewani. Rege imeambatanishwa na bangi tangu zamani, na bangi hapa nchini ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Mama akiona picha ya mtu mwenye rasta ndefu kwenye kioo cha simu ya mwanawe, anaanza kunusa mashati. Hawezi kulaumiwa. Mitaa ya karibu na bonde la Msimbazi imemwonyesha vijana wa kutosha walioanza hivihivi, kwa kukaa na wenzao kona moja na spika.

Ila Lucky Dube ni mfano mbaya sana kwa hofu hiyo. Pamoja na rasta zake zote, alijulikana kwa kutokunywa pombe na kutovuta bangi. Albamu yake ya mwaka 1991, House of Exile, ina wimbo unaoitwa Up with Hope (Down with Dope), na jina lenyewe linatosha: matumaini juu, dawa za kulevya chini. Mzazi anayefuta folda hiyo kwa sababu ya bangi anafuta hata mtu aliyekuwa upande wake.

Chukua nyumba moja ya kupanga Mchikichini, vyumba sita, uwani mmoja, choo kimoja. Mama anauza nguo za watoto Karume, na ni miongoni mwa walioanza upya baada ya soko kuungua Januari 2022. Ana kijana wa kidato cha pili. Baba alikwenda Tunduma kwa biashara. Mwanzo alituma hela na kupiga simu kila Jumapili, siku hizi simu inaita bila kupokelewa, na kuna maneno kwamba huko ana mke mwingine. Jioni moja mama anasikia wimbo uleule ukirudi mara ya tano nyuma ya pazia.

"Wewe, umeanza lini haya mambo ya kirasta?"

"Si mambo ya kirasta, mama. Wimbo tu."

"Wimbo gani huo unarudiwa kama dua? Lete simu."

Simu inaletwa, folda inafutwa. Kijana anakaa kimya, na kimya hicho mama anakihesabu kuwa ni utii. Mama huyu ni wa kuwazika tu, lakini nani Mchikichini hamjui?

Wimbo uliokuwa ukirudiwa ni Remember Me. Anayeimba ni mtoto. Baba yake aliondoka miaka mingi iliyopita kwenda mjini, akaahidi kurudi na kuwatunza. Hakurudi. Mama aliposikia kwamba mumewe ameoa kwingine, moyo haukustahimili, akafariki. Mtoto anakwenda mjini mwenyewe kumtafuta baba, anazunguka mitaa ya Soweto bila pa kulala, na hata anapofika kwa mke mpya hapokelewi. Pamoja na yote hayo hamtukani baba yake. Anamwomba tu kwamba popote alipo, amkumbuke, na anamwambia kwamba anampenda.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama, kwa sababu wimbo uko kwa Kiingereza. Mama anasikia gitaa na kinanda, mtoto anasikia habari za nyumbani kwao. Kidato cha pili kinatosha kabisa kuelewa maneno yale. Lucky Dube mwenyewe alijifunza Kiingereza akiwa tayari kijana, na anaimba polepole, neno kwa neno, kama mtu anayetaka asieleweke vibaya.

Kwa mzazi, kikwazo hicho cha lugha kinaweza kugeuka mlango. Badala ya kuuliza kwa nini unasikiliza huu upuuzi, mama amwambie mwanawe: "Hebu nitafsirie, huyu anasema nini?" Mtoto wa miaka 14 hawezi kumwambia mama yake, ana kwa ana, kwamba anamkumbuka baba. Ataona anamsaliti aliyebaki kwa ajili ya aliyeondoka. Lakini kutafsiri anaweza. Anasema si mimi, ni mwimbaji. Anatafsiri mstari wa kwanza kwa haraka, wa pili kwa aibu, na wa tatu labda sauti inabadilika. Mzazi mwenye macho ataona.

Linalohitajika wakati huo ni dogo na ni gumu: mama asimalizie wimbo kwa maneno yake. "Ndiyo, na baba yako ndivyo alivyo" ni sentensi tamu mdomoni na inafunga mlango uliofunguka sasa hivi. Wimbo wenyewe umekataa kumtukana baba, ingawa una kila sababu. Mtoto aliyeuchagua naye pengine ndiko aliko. Akitaka kumlaani baba yake, nyimbo za kulaani hazikosekani mtaani.

Na kwa akina baba wa Tunduma, Mbagala au popote simu inapoita bila kupokelewa, huu ni wimbo wa kuusikiliza peke yao, bila watu.

Upo mwingine wao pia. Slave, wa mwaka 1987, ndio uliomfanya mkubwa kwao na kwingineko. Wageni wa Kiingereza hudhani ni wimbo wa utumwa wa wakoloni. Ni wimbo wa mlevi. Watu wa dini wamemtembelea mara nyingi wakimsihi aache, na kila usiku anarudi nyumbani kwa mke mwenye wasiwasi. Nguvu yake ni kwamba anayesema si mchungaji, si mke, si mjumbe wa nyumba kumi. Ni mlevi mwenyewe, na anajiita mtumwa. Kuna jambo la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja katika grosari za jijini, pale mzee mwenye chupa mkononi anapoimba kiitikio hicho kwa sauti ya juu, macho yamefumbwa, bila kujua anajiimba. Watoto waliotumwa kumwita aje kula wanaelewa kila neno.

It's Not Easy unastahili kusikilizwa na watu wazima baada ya watoto kulala. Kijana anampigia mama yake simu kumwambia anaoa. Mama anafurahi, lakini anamuuliza kama amempa mwenzake muda wa kumjua. Baadaye anamrudia mama, safari hii kwa habari mbaya, kwamba uchaguzi ule haukwenda alivyotarajia. Hamlaumu mke. Nyimbo za talaka zisizomtafuta mkosaji ni chache, kwa lugha yoyote.

Mtu hutunga anachokijua. Lucky Dube alizaliwa Ermelo tarehe 3 Agosti 1964, wazazi wake wakiwa wameshatengana. Mama yake alikuwa amepoteza mimba kadhaa kabla yake, ndiyo maana akamwita Lucky. Hapa kwetu angekuwa Bahati. Mama alipolazimika kwenda kutafuta kazi, watoto walibaki kwa bibi yao. Ni bibi huyo aliyemlea, na mwimbaji akiwa mtu mzima mwenye jina kubwa alikuwa bado akimtaja kama mtu aliyemfanya awe alivyo. Ni malezi yanayojulikana sana Mchikichini, ambako bibi anayelea wajukuu watatu kwa kuuza vitumbua si habari mpya kwa mtu.

Alipokuwa mdogo alifanya kazi ya bustani, akaona kipato hakitoshi kulisha nyumba, akaenda shule. Huko shule ndiko alikoingia kwaya na kuunda bendi ya kwanza na wenzake. Albamu yake ya mwanzo, ya mtindo wa mbaqanga wa Kizulu, ilirekodiwa Johannesburg wakati wa likizo za shule. Wazazi wanaobishana na watoto kuhusu muziki na masomo wanaweza kulishika hilo: likizo ilikuwa ya studio, muhula ulikuwa wa darasani.

Alipogeukia rege mwaka 1984 na Rastas Never Die, biashara ilikuwa mbaya. Nakala kama 4,000 ziliuzwa, wakati albamu zake za mbaqanga zilikuwa zikifikia 30,000. Juu ya hasara, serikali ya makaburu ikaipiga marufuku. Kampuni nyingi zingemrudisha alikotoka, na mkusanyiko wa leo ungekuwa mwingine kabisa. Yeye akarudi studio na kutoa ya pili, akaiita Think About the Children. Miaka miwili baadaye ikaja Slave, na kilichokuwa hasara kikawa ndicho kinachorushwa kwenye simu za Karume.

Halafu kuna ile Oktoba. Usiku wa tarehe 18 Oktoba 2007, huko Rosettenville, Johannesburg, alikuwa akiwashusha watoto wake wawili kwa ndugu yake. Waporaji wa magari wakampiga risasi. Alijaribu kuondoa gari, likagonga mti. Alikuwa na miaka 43. Watu watatu walitiwa hatiani mwaka 2009 na kufungwa maisha. Mtoto aliyelelewa bila baba, aliyempa dunia wimbo wa mtoto anayemwita baba, alikufa akifanya kazi ya kawaida kabisa ya baba, ile ya kupeleka watoto wanakokwenda. Mmoja wa mabinti zake, Nkulee Dube, leo ni mwimbaji wa rege.

Mzazi akimsimulia mwanawe haya, folda inaacha kuwa kelele za nyuma ya pazia. Inakuwa maisha ya mtu yenye mwanzo, makosa ya soko, ukaidi na mwisho. Na humo ndani kuna historia ambayo shule huipitia kwa kurasa chache. Wimbo Group Areas Act unahusu sheria ya mwaka 1950 iliyowagawia watu makazi kwa rangi na kuwahamisha kwa nguvu. Mtoto wa Dar es Salaam anaweza kuambiwa kwamba baadhi ya vijana waliokimbia nchi hiyo walisoma hapahapa Tanzania, Mazimbu, Morogoro, katika chuo ambacho ANC ilikianzisha mwaka 1978 na kukipa jina la Solomon Mahlangu. Majengo bado yapo, ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Ni safari ya basi ya asubuhi moja.

Swali la nani anachagua nyimbo si dogo. Tazama mkusanyiko maarufu kuliko yote ya rege, Legend wa Bob Marley. Marley alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36, na miaka mitatu baadaye kampuni yake ikachagua nyimbo 14. Waliochagua walitaka kuwavuta wanunuzi ambao siasa zake ziliwatisha, hivyo nyimbo za mapenzi na za kuliwaza zikatangulia. Biashara ilifanikiwa kupita kiasi. Hakuna albamu ya rege iliyouzwa kuliko hiyo. Lakini wimbo wake kuhusu Zimbabwe, aliouimba Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, usiku wa uhuru Aprili 1980, haumo. Mwafrika aliyemjua Marley kwa Legend pekee amemjua Marley aliyepunguzwa. Kijana wa Karume naye, bila kujua, anafanya kazi ileile: anaweka zinazochezeka, anaacha zinazouma.

Kwa hiyo folda ya nyumbani inaweza kupangwa upya na wenye nyumba. Mtoto achague tano, mama achague tano, bibi kama yupo achague zake, hata zikiwa za Marijani Rajabu. Mwenye asili ya Kagera ataongeza Justin Kalikawe wa Bukoba, aliyefariki mwaka 2003 na aliyeimba rege kwa Kiswahili na Kihaya. Mtoto atashangaa kusikia kwamba rege haikuhitaji Kiingereza. Jhikoman wa Bagamoyo bado yupo na bado anaimba. Humo kwenye kubishana nani aingie na nani aachwe, watu wa nyumba moja hujuana kwa namna ambayo kikao cha kuitana sebuleni hakileti.

Kuna suala la hela pia, ambalo si la kulikwepa kwa sababu tu kila mtu anafanya. Anayerushiwa nyimbo mezani hampi mwimbaji chochote, wala watoto wake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, maana yake nyimbo ni urithi kama kiwanja. Mzazi anayemfundisha mwanawe kutochukua cha mtu sokoni angefanya vizuri kumwonyesha kurasa rasmi za msanii, ambako hata kusikiliza kwa matangazo kunaingiza kitu kwa wenye haki. Bando linaliwa, ni kweli. Ila ukishusha nyimbo chache usiku kwenye programu halali yenye nafasi hiyo, unazisikiliza wiki nzima bila kuunguza kitu.

Mpangilio mmoja unaofaa kwa kikao cha kwanza ni huu. Kuanzia na Together as One, wa mwaka 1988, ambao kila mtu anaweza kuuitikia na haumgusi mtu kidonda. Kisha Up with Hope, ili suala la bangi limalizwe mapema na mzazi apumue. Slave uje baba akiwepo, kama yupo, na bila kumtazama usoni. Remember Me usiwekwe na mzazi, mtoto auweke mwenyewe siku akitaka, na siku hiyo, hata kama maharage yako jikoni, mama apunguze moto, akae kitini, amwambie: "Nitafsirie."